Hodi ya Nne: Mama Severina Kalinga Anastaafu

Lusia alikufa. Mke wangu. Alianguka kwenye majaruba Madibira wakati wa kupandikiza mpunga, tukamkimbiza hospitali Chimala, akafa. Presha.

Naanza na hilo. Esnath wa masijala, ndiye anaandika haya mimi nikisema, alinikatalia. Akasema wasifu wa mstaafu hauanzi na msiba, unaanza na miaka ya kazi na tarehe. Nikamwambia haya, weka na tarehe. Mama Severina Kalinga amefanya kazi hapa kwetu, ofisi ya Mifereji Nyanda, miaka thelathini na moja. Anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Tayari. Lakini Lusia abaki pale juu. Nikimtoa, sina la kusema juu ya huyu mama, labda niseme kwamba ni mchapakazi, na hilo mnalijua wote.

Mimi ni Isakwisa Mwaisumo, kibarua wa kituo cha Madibira. Nafyeka, nazibua mfereji, nafuta vumbi kwenye sola, nafukuza nyigu kwenye kibanda cha mashine. Shule niliishia la nne. Meneja angeandika maneno mazuri kuliko mimi. Mama Severina alisema ndiyo maana hamtaki. Akasema Isakwisa aandike, yule hajui kupamba.

Sasa kazi yake.

Aliajiriwa akiwa binti, ametoka shule hapohapo Iringa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa redio ya upepo. Wakati huo simu za mkononi hamna. Vituo vyote vilikuwa na redio, na yeye alikaa Iringa makao makuu, kila asubuhi anaviita kimoja kimoja. Chimala, upo? Chimala anajibu, nipo. Madibira, upo? Nipo. Ruaha Mbuyuni, upo? Kimya. Ruaha Mbuyuni, upo? Kimya. Yule wa Ruaha Mbuyuni alikuwa anapenda kwenda kununua vitunguu asubuhi. Ndiyo maana Chimala sokoni watu wazima wanamwita Mama Upo mpaka leo, na wengine hawajawahi hata kumwona. Wanajua sauti tu.

Ile redio haijamtoka. Muulizeni mtu yeyote aliyepigiwa simu na Mama Severina. Anapiga kelele kama yuko ng'ambo ya mto. Na akimaliza anasema ova, kama redioni. Kwenye simu! Padri mmoja hapa mjini siku moja alikuwa anajaribu kipaza sauti kanisani kabla ya misa, akasema hallo, hallo. Mama Severina kutoka benchi la mbele akaitikia, nakupata vizuri, endelea. Kanisa zima likasikia. Hilo Esnath ndiye kanisimulia, alikuwepo, na sasa hivi anacheka badala ya kuandika.

Zikaja kompyuta. Wengi wa redio waliondoka. Yeye akajifunza. Sijui alijifunzaje, mwulizeni mwenyewe, mimi najua alivyonieleza mimi. Nilimwuliza siku moja alipokuja kukagua kibanda. Nikasema, mama, hii mashine mnaifungia humu, hamna mtu, inafanya nini?

Akaniambia hivi. Isakwisa, wewe ukienda kwa mtu unafanyaje? Nikasema napiga hodi. Akasema basi na seva, ile kompyuta kubwa ya Iringa, inakuja hapa kila alfajiri, inapiga hodi. Hamna mtu anayeituma. Imeshaambiwa, inajiendesha yenyewe. Inapiga hodi Chimala, inapiga hodi Mbuyuni, inapiga hodi hapa. Hii ya hapa ikiitambua inasema karibu. Ile ya Iringa inaingia ndani, japo mwili wake uko Iringa. Inaangalia maji kina gani, inafungua geti la mfereji, inangoja, inafunga, inaaga.

Nikasema kumbe ni mgeni. Akasema ni mgeni, na mgeni ana adabu zake. Hizo adabu ndizo wao wanaziita setingi. Akishapiga hodi, asimame mlangoni muda gani kabla ya kuondoka. Akishakaribishwa, mlango uachwe wazi kidogo, siyo kila akitoka kunawa mikono apige hodi upya kama mtu asiyejulikana. Na wakati kazi inaendelea, mara kwa mara aulize, upo? Mwenyeji ajibu, nipo. Maana laini inaweza kufa katikati na mtu usijue, ukakaa unaongea na ukuta.

Nikasema kama redio. Akafurahi sana. Akasema ndiyo hiyohiyo, Isakwisa, sijabadilisha kazi, nimebadilisha kiti.

Hizo setingi ndizo zilikuwa kazi yake miaka yote hii ya karibuni. Mtu wa nje atasema ni kitu kidogo. Siyo kidogo. Sasa nitasema alipokosea, maana alikosea, na mwenyewe kaniruhusu.

Ule mwaka wa kwanza wa mashine kujiendesha, aliviwekea vituo vyote adabu moja. Mgeni akiuliza upo, asipojibiwa mara tatu, akate laini aondoke. Kwa nini tatu? Kwa sababu bibi yake huko Iringa alimfundisha hodi ni mara tatu. Ya nne ni utovu wa adabu, mwenye nyumba hataki wageni, ondoka. Sisi wote tumelelewa hivyo. Akaweka tatu.

Chimala tatu ilitosha. Chimala ni barabarani, mtandao mzuri. Mbuyuni ilitosha. Madibira mvua ikinyesha mtandao unakwenda unarudi, unakwenda unarudi, kama mtu anayetafuta kandambili gizani. Alfajiri moja seva ikaja, ikapiga hodi, ikakaribishwa, ikafungua geti. Geti limefunguka lote. Mvua ikaja. Upo? Kimya. Upo? Kimya. Upo? Kimya. Seva ikakata, ikaondoka zake kwa adabu. Hajabaki mtu wa kusema funga.

Maji yaliingia kwenye kitalu cha mzee Sedekia, jirani yetu. Miche yote ikaondoka. Miche ya mwaka mzima. Mimi nilifika nikafunga geti kwa mkono, nikamkuta mzee amesimama kwenye maji mpaka magotini ameshika mche mmoja.

Mama Severina hakutuma mtu. Alipanda basi akaja mwenyewe. Alikuta tumejaa kule shambani, na mzee Sedekia hajatulia hata kidogo.

Mzee akamwuliza, wewe ndiye Upo?

Akasema, ndiyo mimi baba, akamsalimia Kihehe, kamwene.

Mzee akasema, kamwene ya nini? Miche yangu iko Ruaha huko inaogelea na viboko, wasalimie hao!

Mama Severina hakujitetea. Akasema kosa ni langu, baba. Akamweleza kama alivyonieleza mimi. Seva ilipiga hodi mara tatu, haikuitikiwa, ikaondoka.

Mzee Sedekia akamwangalia. Akasema, mara tatu?

Mara tatu, baba.

Wewe umezaliwa ghorofani? Hodi ya kwanza mimi niko majarubani, sisikii vizuri. Ya pili nimesikia, nachomoa mguu kwenye tope. Ya tatu nanawa. Kwetu huku tunaitika ya nne!

Watu wakaangua kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Lusia wangu. Lusia alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Akasema, haya mama Hodi ya Nne, vua viatu. Akamfunga kanga yake kiunoni, akamwingiza kwenye tope. Watu walikuwa wamejitolea miche, kila mmoja kidogo, ili mzee asikose mwaka. Mama Severina akapandikiza pamoja na wanawake. Mhehe wa mjini, anapandikiza anakwenda mbele! Anakanyaga alichopanda. Lusia akamshika mabega akamgeuza. Akamwambia, huku tunarudi nyuma, dada, unaona ulichofanya, siyo unakwenda mbele unaacha uharibifu kama mashine yako.

Toka siku hiyo walikuwa marafiki. Alikuwa akija kukagua halali nyumba ya wageni, analala kwetu. Kwenye wali wa Lusia alikuwa anakula sahani mbili, halafu anasema ugali ni bora. Lusia anamwambia, basi rudisha.

Aliporudi Iringa akabadilisha. Madibira ikapewa adabu zake peke yake. Mgeni aulize taratibu, angoje zaidi, asikate haraka. Na geti lenyewe akaliambia, ukiachwa peke yako, jifunge. Halikuwahi kumwaga maji ovyo tena. Mzee Sedekia mpaka leo anajisifu kwamba seva ya Iringa alifundisha yeye.

Halafu akahamishiwa Iringa mhandisi Adrian kutoka ofisi ya Mbeya, ndiye mkuu wa mitambo. Kijana mzuri, hana dharau, na ana haraka. Akaona kwenye mashine vituo vyote viko sawa, Madibira iko tofauti. Akamwambia Mama Severina mbele yetu, mama, huyu Madibira unamdekeza.

Akajibu, simdekezi, namngoja.

Adrian akasema lakini vituo vyote vikiwa na setingi moja ni rahisi kuvitunza. Ni kweli, alisema kweli. Mama Severina akasema, ni rahisi kwetu sisi. Adrian akacheka, akaiacha hivyohivyo. Nasema hili kwa sababu watu wanadhani waligombana. Hawakugombana. Adrian huyohuyo ndiye alinunua keki mtakayokula leo.

Adrian alileta kitu kingine, na kizuri pia. Kila mtu anayeruhusiwa kugusa mashine ana jina lake ndani. Na mimi ninalo, isakwisa, herufi ndogo zote, kwa ajili ya kufungua geti kwa mkono mambo yakiharibika. Adrian akaiambia seva izunguke vituo vyote yenyewe. Jina ambalo halijaingia muda mrefu ilifute. Watu walioacha kazi majina yao yalikuwa bado yamo, ni hatari, mtu anaweza kuingia akafungua maji. Basi jina likifutwa, ofisi inajua huyo hayupo tena, inatafuta mwingine.

Nimefika sasa.

Tulimzika Lusia Madibira. Mama Severina alikuja mazikoni, alilala kwetu na wanawake wengine, akarudi Iringa. Ndugu zangu wa Tukuyu wakaondoka. Nikabaki. Lile geti la Mama Severina likiachwa peke yake linajifunga. Na mimi nikajifunga. Sikwenda kazini. Sikuaga. Majani yakaota mpaka kwenye sola. Sikutaka kazi, sikutaka ule mfereji, maana jaruba alilodondokea unalipita ukienda kibandani. Hamna njia nyingine.

Simu ikaita. Nikaona ni Mama Severina. Nikaiacha. Ikaita tena. Nikaiacha. Ya tatu nikaizima, nikaisukuma chini ya kitanda.

Nikajua imeisha. Mara tatu, adabu imetimia.

Jioni ya siku iliyofuata nikasikia honi. Pale kwenye geti kuna honi, inalia kabla maji hayajafunguliwa, ili watoto watoke mferejini. Kawaida inalia alfajiri tu. Hii ikalia jioni. Fupi, mara moja. Geti halikufunguka. Kesho yake jioni tena. Kesho kutwa tena. Nilijua ni nani. Hamna mwingine wa kuliza honi kutoka Iringa bila maji.

Madibira nzima ilijua. Marta, jirani yangu, alinipitishia uji dirishani akasema, Isakwisa, mashine inakulilia. Sikumjibu. Watoto wakaanza mchezo, honi ikilia wanaitikia wote kwa sauti, nipooo! Kila mtu ameitika Madibira isipokuwa mimi.

Mzee Sedekia alisimama kwenye uzio akapiga kelele, wewe Mnyakyusa! Kaiambie hiyo kitu yako tumesikia! Ng'ombe wangu wanashtuka, hawatoi maziwa!

Huku nyuma, Iringa, kulikuwa na mambo sikuyajua. Esnath ndiye kaniambia baadaye, maana yeye na Mama Severina ofisi yao ni moja. Seva ilikuwa imefika zamu ya Madibira kufuta majina. Langu lilikuwa la kufutwa. Mama Severina akaenda kwa Adrian, akamwambia ameliweka pembeni, seva isiliguse. Adrian akamwambia mama, huu ni utaratibu, na nina watu wanaomba hiyo kazi, na mfereji hauna mtu, wakulima watakosa maji. Hakukosea. Akamwuliza, unamngoja mpaka lini?

Mama Severina akamwambia, unajua jina lake maana yake nini?

Adrian ni wa Mbeya, ana shangazi Tukuyu, anajua. Isakwisa. Atakuja.

Adrian akasema, mama, hilo siyo jibu la kiutaratibu. Mama Severina akasema, najua. Adrian akampa mpaka Jumamosi. Jumamosi seva itazunguka, na jina ambalo halijaingia linakwenda.

Ijumaa saa za jioni nikasikia mtu mlangoni. Hodi. Nikanyamaza. Hodi. Nikanyamaza. Hodi. Nikakaa vilevile kitandani. Nikasikia anakaa chini kwenye kigogo pale nje, anahema. Anakohoa. Nikajua ni mzee Sedekia. Nikangoja aondoke. Haondoki. Akawasha kiko, nikasikia harufu.

Halafu akasema, bila kupaza sauti, haya. Nimetumwa na yule mama wa miche. Amenipigia simu mpaka betri imekwisha. Amesema nikishamaliza zile tatu nisiondoke, nipige na ya nne. Basi hodi.

Nilimsikia Lusia akicheka. Nasema kama ilivyokuwa. Siyo sauti yake. Nilikumbuka anavyocheka, akakaa chini kwenye tope, na kanga imemfunguka.

Nikasema, karibu.

Mzee akasema, mimi siingii, unanuka. Toka wewe.

Tukaenda. Tulipita pale jaruba la Lusia. Mzee akapita upande ule, akanikinga nisilione, anaongea habari za ng'ombe tu, ng'ombe, ng'ombe. Nililiona hata hivyo. Mpunga wake ulikuwa umeshika. Ile mistari ya mwisho aliyopanda ilikuwa imesimama vizuri.

Kibandani nyigu walikuwa wamerudi. Nikafuta kioo cha mashine kwa mkono. Kile kioo kilikuwa kimeandikwa neno moja, Upo? Chini yake tena, Upo? Chini yake tena. Limejaa mpaka juu, mtu anateremka anateremka hafiki mwisho. Mama Severina alikuwa anaandika kutoka Iringa kila siku, kila akiingia. Kwenye kioo ambacho hamna mtu wa kukisoma.

Nikaandika jina langu, nikaandika paswedi, ikanikubali. Vidole vyangu vimezoea jembe, nabonyeza kimoja kimoja. Mzee Sedekia anasema haraka, mbu wananiuma. Nikaandika, nipo.

Mashine ikajibu kwa Kiingereza. Mstari mmoja. Nikashtuka. Nikamwambia mzee, nimeiharibu. Mzee akasema na wewe, siku ya kwanza tu kurudi? Simu yake ilikuwa na betri kidogo aliyochaji kwa Marta. Nikapiga Iringa.

Akapokea kabla haijaita vizuri.

Nikasema, mama, shikamoo. Nimeiharibu mashine.

Akasema, marahaba. Umeandika nini?

Nikasema, nipo.

Akanyamaza. Mama Severina, mtu wa kupiga kelele, akanyamaza mpaka nikadhani laini imekata. Halafu akasema, haijaharibika, Isakwisa. Imesema hilo neno hailijui, siyo amri yake. Lakini nimeliona. Mimi nalijua.

Halafu akasema, ova.

Mzee Sedekia akaninyang'anya simu, akasema, nani atanilipa maziwa?

Asubuhi nikaenda kazini. Nilifyeka mpaka mchana. Sola zilikuwa na uchafu kama ngozi. Nilipoingia kibandani kujaribu tena, nikaandika lile neno, nipo, tu kuona. Mashine haikusema Kiingereza. Ikaandika, Ndaga, Isakwisa. Kazi njema.

Ndaga ni yetu sisi Wanyakyusa. Ni asante, na ni salamu pia. Yeye ni Mhehe. Sijui alimwuliza nani. Alikuwa ameifundisha mashine neno langu usiku uleule, akaitafutia na jibu la kwetu. Toka hapo kila asubuhi nikifika ninaandika. Haifungui maji, haifungi kitu. Inajibu tu. Adrian alikuja kukagua akaiona, akauliza hii ni ya kazi gani? Nikamwambia ni adabu. Akaichunguza, akaniambia, haina madhara, iache. Halafu na yeye akaandika, nipo. Ikamjibu Ndaga, Isakwisa, maana haijui mwingine. Alicheka yule kijana.

Hayo ndiyo ninayojua. Mengine mnayajua nyie wa ofisini. Kwamba vituo vyote leo vinaingiliwa kutoka Iringa na kufanya kazi bila mtu kuamka, na setingi zake ni za mkono wake. Kwamba alifundisha vijana wote wa mitambo hapa na wa Mbeya, na kila aliyefundishwa na yeye akikata laini anaangalia kwanza ameacha nini wazi. Kwamba mvua za mwaka juzi zilipokata nguzo za umeme Chimala yeye alikaa kwenye kiti anauliza upo, upo, mpaka vituo vyote vikajibu, ndipo akaenda nyumbani. Kwamba anapenda ulanzi, ile pombe ya mianzi, na anasema hapendi. Esnath amekataa kuandika hilo la ulanzi, nimemwambia aandike.

Ana kasoro. Ni mbishi. Hasikii kuhusu ugali. Akikosea anasema amekosea mara moja tu, halafu hataki urudie. Na hajui kupandikiza mpaka leo, kila mwaka tunampa kona yake, na kila mwaka ile kona imepinda. Tunaiacha. Mpunga uliopinda unaliwa vilevile.

Sasa anakwenda Kilolo, kwenye shamba lake la parachichi. Nimeuliza mtandao wa huko ukoje. Wameniambia ni mbaya, milima mingi, mpaka upande kilima ndipo simu ishike. Ni mbaya kuliko Madibira.

Nimemwuliza Adrian, setingi za Madibira atazifanyaje mama akiondoka. Akasema haziguswi. Nikasema na lile neno langu? Akasema halifutwi. Nimemshukuru. Sasa namwambia na yeye na nyie wote mliokaa hapa ukumbini mnasoma karatasi hii.

Huyu mama ameuliza watu upo miaka thelathini na moja. Kuanzia Jumatatu hamna wa kumwuliza yeye. Mume hana, alishatangulia. Mwanawe yuko mbali. Basi ni zamu yetu. Tumegawana. Chimala watapiga Jumatatu, Mbuyuni watapiga Jumatano, Esnath amesema Jumapili baada ya misa ni yake. Ijumaa jioni ni yangu, mimi na mzee Sedekia, kwa simu ya mzee, maana ana la kusema kuhusu maziwa.

Mama Severina, tunashukuru. Ndaga fijo. Nenda ukae vizuri, kula, lala mpaka jua lichomoze, parachichi zako zizae. Ukiwa shambani usikimbie kupokea simu, mguu umekwama, chomoa taratibu, nawa. Hatutakata kwenye tatu. Tutangoja.

Mzee Sedekia amesema nikuletee mchele, nimeuleta, uko kwa mlinzi getini. Ni wa ile kona yako.

Mimi nimepewa ruhusa ya siku moja. Kesho narudi kazini.